Mpenzi Akiwa Marehemu: Majibu kwa Wasomaji wa Hadithi za Mahaba

Barua za mwezi huu zimetoka kwa watu wasiofahamiana, lakini zote zimeuliza jambo moja kwa njia mbalimbali: mapenzi kati ya mtu aliye hai na mpenzi aliyekwisha kufa yana nafasi gani kwa msomaji wa hadithi za mahaba? Nimeona vyema nizijibu pamoja. Majina ya walioandika nimeyaacha, kama wenyewe walivyoomba.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Sisi ni akina mama na mabinti wa Makole, hapa Dodoma, tunaochangishana kununua riwaya za mahaba na kupokezana. Hivi karibuni tulisoma kisa cha mwalimu wa kike aliyehamia nyumba ya kupanga, akapendana na kijana anayemtembelea jioni tu. Katikati ya kitabu ikabainika kwamba kijana huyo alifariki katika nyumba ileile miaka mingi iliyopita. Kuna mahali binti anasonga ugali wa uwele, anaweka bakuli la mlenda kati yake na kijana, kisha anakula huku kijana akimtazama. Wengi wetu tulikiacha kitabu hapo. Wenzetu wawili walikimaliza wakilia, na sasa wanataka kingine cha namna hiyo. Kwa nini kisa kimoja kiwafukuze wengine na kiwashike wengine, ilhali sote ni wapenzi wa mahaba? (Msomaji, Makole)

JIBU: Marahaba, mwanangu, na wenzako wote nawasalimu. Ubishi wenu ni wa maana, kwa sababu umegusa kile hasa kinachomfanya mtu achague riwaya ya mahaba akaziacha nyingine.

Anayenunua riwaya ya upelelezi hamjui muuaji, na hataki kutajiwa mapema. Anayenunua riwaya ya mahaba anaujua mwisho kabla hajafungua ukurasa wa kwanza: wawili hawa watapatana. Anachotaka kuona ni namna watakavyofika huko, na vikwazo gani watavivuka. Chama cha waandishi wa riwaya za mahaba cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1980, kiliyaeleza matarajio hayo kwa masharti mawili: mapenzi yawe ndiyo kiini cha kisa, na mwisho uridhishe moyo na uwe na matumaini. Hadithi ya mpenzi marehemu hulitimiza sharti la kwanza bila shida, pengine kwa nguvu kuliko hadithi nyingine zote. Sharti la pili ndilo linaloishinda. Aliyekufa hawezi kupeleka posa, hawezi kuzeeka na mke wake, hawezi kumzalisha wala kusimama naye mbele za watu. Msomaji wa Dodoma anayajua hayo kwa dini yake, kwa mila zake na hata kwa sheria ya nchi. Kiapo cha kanisani kinataja kifo kuwa ndicho kikomo cha ndoa. Mjane wa Kiislamu hukaa eda ya miezi minne na siku kumi, kisha anakuwa huru kuolewa. Na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakitaja kifo cha mmoja wa wanandoa kuwa miongoni mwa mambo yanayoikomesha ndoa. Kwa hiyo wale walioacha kusoma hawakuwa waoga. Walikwisha kupiga hesabu wakaona kwamba harusi waliyoitarajia haitakuwapo.

Jambo la pili ni mwili, na hapa nataka tukae kidogo kwenye ule ukurasa wa mlenda, kwa sababu mwandishi ameandika jambo kubwa kuliko pengine alivyokusudia. Mlenda huliwa katika bakuli moja. Mnamega tonge, mnachovya, mnauvuta na kuukata kwa kidole, na mikono ya mnaokula pamoja hukaribiana na wakati mwingine hugusana. Kwa vijana wawili wanaopendana na wasioweza kushikana mikono mbele ya wazazi, bakuli hilo ni nafasi ambayo hakuna mzazi anayeweza kuikataza. Mahaba ya maandishi huishi kwa vitu vya namna hiyo. Katika kitabu chenu mkono unaoingia bakulini ni mmoja. Wenzenu wawili, waliposoma, walimwona mwanamume aliyeridhika kumtazama mwanamke akila. Ninyi wengine mlimwona mwanamke anayekula peke yake katika chumba cha kupanga. Maneno yaliyoandikwa ni yaleyale, na kila upande umeyasoma sawasawa.

La tatu ni letu wenyewe, na waandishi wetu wengi hulisahau kwa kuwa wamejifunza hadithi za namna hii kutoka filamu za nje. Karibu kila mmoja wetu amelelewa na kisa cha msichana aliyewakataa wachumba wote wa kijijini, akampenda mgeni mzuri asiyejulikana kwao, akaondoka naye, na baadaye akagundua kwamba amefuatana na zimwi, au fisi, au simba. Makabila mengi ya Tanzania yana kisa hicho kwa sura mbalimbali. Aliyekisikia utotoni, anapofika mahali ambapo mpenzi wa jioni anabainika kuwa si binadamu kama wengine, husikia lile onyo la zamani. Juu ya hilo kuna imani ya jini mahaba, ambaye watu wengi, Waislamu kwa Wakristo, huamini kwamba humwendea mtu usingizini, humfarakanisha na mwenzi wake, na humzuia kuolewa au kupata mtoto. Anayedhaniwa kuwa naye hupelekwa kusomewa dua au kuombewa. Msomaji wa London akisoma kwamba mwanamke hutembelewa usiku na mpenzi asiyeonekana na watu wengine, anaweza kuona faraja. Msomaji wa Makole, kwa maneno hayohayo, anaona mgonjwa na anashangaa kwa nini ndugu zake hawajaja kumchukua.

Mizimu ya wahenga nayo, ambayo katika mila za Ugogo kama kwingine nchini hukumbukwa kwa matambiko, haiji kuchumbia. Kwa imani hiyo, marehemu akirudi huwa na sababu: ametupwa bila kukumbukwa, kuna deni halijalipwa, kuna ugomvi wa ukoo haujasuluhishwa. Ndiyo maana msomaji wetu akimwona marehemu mlangoni, swali lake la kwanza ni hili: amefuata nini? Mwandishi asipolijibu amempoteza msomaji, hata kama sentensi zake ni tamu. Kujibu kwamba amefuata mapenzi hakutoshi, maana kila mmoja wetu amezika mtu aliyependwa sana, na hakurudi.

Sasa nije kwa wale wawili waliolia, ambao nao wana haki yao. Hadithi ya mahaba haiendi bila kikwazo, na vikwazo vya zamani vimepungua nguvu. Mahari hujadiliwa kwa simu, wazazi wengi wamelegeza masharti ya kabila, na hata umbali wa kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, ambao zamani ungetosha kujaza sura nzima za barua na machozi, tangu mwaka 2024 treni ya umeme huumaliza kwa saa chache. Kifo ni kikwazo ambacho mjomba hawezi kukitatua kwa kuongeza ng'ombe. Msomaji anayependa hamu kuliko harusi, anayetaka kuusikia moyo ukivuta kamba hadi mwisho wa nguvu zake, hapati mahali pengine penye mvuto kama huo. Wapo pia waliofiwa na mchumba au mume, na neno moja likabaki halijasemwa. Hao husoma ili walisikie likisemwa na mtu mwingine. Na wapo wanawake waliochoshwa na wanaume wasiosikiliza. Mpenzi marehemu husikiliza usiku kucha, haangalii simu, na hana nyumba ndogo. Siwalaumu hata kidogo wanaovutwa na hilo, kwa maana linaonyesha ni kitu gani kimekosekana kwa walio hai.

Filamu ya Marekani iitwayo Ghost, iliyotoka mwaka 1990, inaonyesha jinsi wasomaji wa pande zote mbili wanavyoweza kuridhishwa. Sam anauawa, na roho yake inabaki karibu na mpenzi wake Molly kwa sababu inayoeleweka na kila mtu: waliohusika na kifo chake wanamhatarisha na yeye. Kazi hiyo inapokamilika, Sam anaaga na kuondoka, na Molly anabaki kuishi. Tena kile kipande cha wapenzi wakifinyanga udongo pamoja, ambacho watu hukikumbuka kuliko vingine vyote, kinatokea Sam angali hai. Watengenezaji walijua kwamba ili mtazamaji auhisi uzito wa mkono usioweza kugusa, ni lazima kwanza auone ukigusa. Mwandishi wa Uingereza Emily Brontë naye, katika riwaya ya Wuthering Heights ya mwaka 1847, alimfanya Heathcliff aisihi roho ya mpenzi wake Catherine isimwache, na mpaka leo watu hukitaja kitabu hicho wanapozungumzia mapenzi yasiyokoma kaburini. Lakini ndoa inayotarajiwa mwishoni mwa kitabu aliwapa vijana wa kizazi kilichofuata, Cathy, binti wa Catherine, na Hareton, walio hai na wenye shamba la kulima na vitabu vya kusoma pamoja.

Kwa kitabu chenu, hukumu yangu ni kwamba mliokiacha mlikuwa na sababu nzuri, ingawa hamkuitaja. Mwandishi alificha kifo cha kijana hadi katikati. Aliwaacha mpange harusi akilini, mchague na kitenge, kisha akawaambia kwamba bwana harusi yumo kaburini. Katika riwaya ya kutisha huo ungekuwa ustadi, lakini katika riwaya ya mahaba ni kuvunja ahadi, na msomaji aliyevunjiwa ahadi hana wajibu wa kumaliza kitabu. Nunueni kingine, kwa sharti kwamba kinataja kifo mapema, kisha mbishane upya.

SWALI: Assalamu alaikum Mwalimu. Ninaishi Kondoa. Mume wangu alifariki mwaka jana na eda nimekwisha kuimaliza. Usiku, watoto wakilala, husoma kwenye simu hadithi za wapenzi wanaorudi baada ya kufa, na moyo wangu hutulia. Wifi yangu ameniona, anasema ninajiitia majini na kwamba ninakataa kuolewa tena. Wakati mwingine kweli huhisi kama marehemu yumo ndani. Je, niache kusoma? (Mjane, Kondoa)

JIBU: Waalaikum salaam, dada yangu, na pole sana kwa msiba. Mwenyezi Mungu amrehemu mumeo na awakuzie watoto wenu.

Nianze na hilo la kuhisi kwamba yumo ndani, kwa kuwa naona ndilo linalokutia hofu zaidi. Mwaka 1971 daktari mmoja wa Wales, Dewi Rees, alichapisha utafiti wake juu ya wajane na wagane 293 aliozungumza nao. Karibu nusu yao walimwambia kwamba, baada ya kufiwa, walimhisi mwenza wao akiwa karibu. Baadhi waliona, baadhi walisikia sauti, wachache walihisi kuguswa. Wengi wao hawakuwahi kumsimulia mtu, na wengi walisema hali hiyo iliwasaidia. Rees mwenyewe aliiona hali hiyo kuwa ya kawaida kwa aliyefiwa, si ugonjwa wa akili. Walikuwa wameishi na mtu kwa miaka mingi, na masikio yao yalikuwa bado yanamsubiri afungue mlango. Yako nayo ndivyo yalivyo.

Hadithi unazozisoma zinakupa nafasi ya kuzungumza na msiba wako wakati ambao majirani wameshaondoka na watu wanatarajia uwe umesahau. Sisi huwa wepesi sana wa kujaza nyumba siku za matanga na kuiacha tupu baada ya hapo. Kama kurasa hizo zinakufanya ulie kidogo, ulale, na asubuhi uamke ukawaandalie watoto chai waende shule, sioni dhambi ndani yake, na hilo la imani zungumza na mtu wa dini unayemwamini badala ya kulibeba peke yako. Ningekuwa na wasiwasi kama usomaji ungekufanya usitake kuamka, au kama ungeanza kuchagua zile hadithi ambazo mwanamke anaamua kufa ili amfuate mpenzi wake. Hizo nakusihi uziache kabisa kwa sasa, na siku fikra za namna hiyo zikikujia usizifiche. Mwambie mtu wa karibu siku hiyohiyo na ufike hospitali.

Kuhusu wifi yako, huenda naye anamlilia kaka yake na hajui aseme nini. Msomee kurasa moja mbili kwa sauti, zile ambazo mpenzi anaaga. Hadithi nzuri za aina hii karibu zote zina kurasa za kuaga, na ninaamini kwamba ndizo unazozitafuta ingawa hukuzitaja. Kuolewa tena au kutoolewa ni uamuzi wako, na hakuna anayeruhusiwa kuusoma katika simu yako.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, na ninaandika hadithi ya mfululizo ninayowatumia wasomaji kwa WhatsApp, nao hulipia kila sehemu. Kijana amefariki kwa ajali ya bodaboda, anarudi kwa mchumba wake, na mchumba hajui kwamba amefariki kwa kuwa alikuwa masomoni mbali. Nilipofichua ukweli katika sehemu ya saba, wasomaji wengi waliacha kulipia. Rafiki zangu wananishauri nimfufue. Nifanyeje? (Mwandishi chipukizi, Dodoma)

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Kwanza nikupongeze kwa kuwa na wasomaji wanaolipia maandishi ya Kiswahili. Wapo waandishi wakubwa waliokosa bahati hiyo. Jibu la sehemu ya saba umeliona katika barua ya akina mama wa Makole: umewaficha, wakaondoka. Lakini hadithi yako bado inaweza kuokolewa, nami nimeifikiria kwa furaha.

Anza kwa kuandika upya sehemu ya kwanza ili msomaji ajue kwamba kijana amekufa hata kabla mchumba hajajua. Badiliko hilo moja linageuza kila kitu. Mwanzoni msomaji alikuwa anadanganywa pamoja na binti. Sasa anajua, na kila binti anapopanga jambo la mwezi ujao, msomaji anaumia kwa niaba yake. Maumivu ya namna hiyo watu watayalipia sehemu baada ya sehemu, kwa sababu wanangojea siku ambayo binti ataambiwa, na wanataka kujua atakayemwambia ni nani.

Kisha mpe marehemu jambo alilofuata, na liwe dogo la kushikika. Unaandikia watu wa Dodoma, hivyo usihangaike kutafuta siri za kasri. Kijana alikuwa amekwisha kulipa sehemu ya mahari, na ng'ombe wa sehemu iliyobaki aliwaweka kwa rafiki yake huko Bahi bila shahidi. Amekufa. Rafiki amenyamaza. Baba wa binti anasema kwamba kijana alikuwa mlaghai, na jina lake linachafuliwa kila panapokaliwa kunywa kahawa. Marehemu anarudi kwa sababu hawezi kuvumilia mchumba wake aamini kwamba alitaka kumchezea. Hapo msomaji wetu amekwisha kujibiwa swali lake, na jibu lenyewe ni la mahaba: kijana amefuata heshima yake mbele ya mwanamke anayempenda. Tena umepata mashaka ya kutosha sehemu nyingi, kwa kuwa binti atamwambiaje baba yake kwamba habari za ng'ombe amezipata kwa marehemu?

Weka pia mipaka ya anachoweza na asichoweza, na usiivunje kwa sababu umekwama. Katika ile filamu ya mwaka 1990 Sam hawezi kushika kitu. Inambidi ajifunze kwa taabu kubwa kusogeza kitu kidogo tu, na baadaye anapoipandisha sarafu moja kwenye mlango hadi mkononi mwa Molly ili amwamini, watazamaji hulia. Sarafu ile ina uzito kwa sababu tumeona ugumu wa kuisogeza. Kama kijana wako leo anapenya ukutani na kesho anabeba ndoo ya maji, hakuna atakacholia msomaji.

Halafu mkumbuke binti. Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi katika hadithi za aina hii: mwandishi anampenda sana marehemu wake hata anamsahau aliye hai, naye anabaki kulia tu na kungoja jioni. Marehemu hawezi kubadilika, mambo yake yamekwisha fungwa. Mwenye hadithi ni aliye hai. Tazama filamu ya mwaka 1947 ya The Ghost and Mrs. Muir, ambamo mjane Lucy anapanga nyumba ya pwani yenye roho ya nahodha Gregg. Nahodha anamsimulia maisha yake ya baharini, Lucy anayaandika yakawa kitabu, na mapato ya kitabu yanamwezesha kubaki katika nyumba ile. Mapenzi yao yamempa mwanamke kazi na makazi. Binti yako naye ni lazima awe mtu mwingine mwishoni kwa sababu kijana alirudi: aliyekuwa hawezi kumjibu baba yake asimame na kumjibu.

Kuhusu kumfufua, rafiki zako hawakukosea sana, maana ni njia ya zamani. Tang Xianzu wa China, katika tamthiliya ya The Peony Pavilion ya mwaka 1598, alimwandika Du Liniang aliyekufa kwa hamu ya kijana aliyemwona ndotoni. Roho yake ikakutana na kijana huyo, kaburi likafukuliwa, akafufuka na wakaoana. Lakini Tang aliujenga ulimwengu wenye mahakama ya kuzimu na hakimu anayetoa ruhusa, na msomaji alijua mapema kwamba mlango wa kurudi upo. Wewe huna mlango huo. Tena ukimfufua kijana mzikwa hapa kwetu, wasomaji watafikiria msukule kabla hawajafikiria bwana harusi, na hadithi itakuponyoka mikononi.

Ipo njia nyingine ambayo wengi huichukua, ya kumuua binti ili wakutane huko. Ile filamu ya Lucy Muir inafika huko, lakini baada ya yeye kuishi hadi uzee wake na kufa kifo cha kawaida, na nahodha alikwisha kujiondoa miaka mingi kabla ili Lucy aishi kati ya watu. Hilo nalikubali. Binti wa miaka ishirini na mitatu anayejitupa mtoni ili amfuate mchumba wake silikubali, na sitalisifu hata likiandikwa kwa lugha nzuri namna gani, kwa kuwa wasomaji wako wengi ni wa umri wake na simu iko mkononi mwao usiku wakiwa peke yao.

Mimi ningemwacha kijana aage. Ng'ombe wamepatikana, baba amesema hadharani kwamba alimkosea marehemu, na binti anayo kazi na ana rafiki ambaye tumemwona tangu sehemu za mwanzo lakini hatukumtilia maanani. Usimwoze katika sehemu ya mwisho. Wasomaji watachukia haraka hiyo. Mwache rafiki huyo aje nyumbani, apewe maji anawe, na mama alete bakuli la mlenda.

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni mzee wa Mpwapwa. Mjukuu wangu wa kidato cha nne anasoma hadithi za kwenye simu zenye majini na wafu wanaopenda wasichana. Wazazi wake wanasema ni mahaba tu, mimi naona ni za kutisha. Nani yuko sahihi, na nimkataze? (Babu, Mpwapwa)

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Njia nyepesi ya kujua ni kumwuliza mjukuu mwenyewe anachongoja anapofungua sehemu inayofuata. Akisema anangoja kuona kama wawili hao watapatana au kusameheana, basi anasoma mahaba, hata kama mmoja wao ni mfu. Akisema anangoja kuona kama msichana atapona, basi wewe ndiye uliye sahihi, na msichana wa umri wake ana haki ya kufurahia hofu pia, mradi asikose usingizi wakati wa mitihani.

Kumkataza hakutasaidia, kwa kuwa simu itaingia chini ya shuka. Liangalie jambo moja tu katika hizo hadithi: je, huyo jini au mfu anaruhusiwa kukataliwa? Zipo nyingi ambamo anamfuata msichana kwa nguvu, anamtenga na ndugu zake, anawadhuru wanaomkaribia, na mwandishi anaita hayo mapenzi. Mwambie mjukuu wako wazi kwamba mwanamume wa kawaida akifanya hivyo katika mji wa Mpwapwa angeshtakiwa, na umwulize kwa nini jini asamehewe. Kisha umsimulie kile kisa cha msichana aliyewakataa wachumba wote. Bila shaka unakijua kwa namna ya ukoo wenu, naye huenda hajawahi kukisikia kikisimuliwa mpaka mwisho.